Mamba wa mtoni na mamba wa mtini

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, nimeoga, chai ya tangawizi iko pembeni. Waliozoea ukurasa huu wanajua huwa naandika mambo ya presha, chanjo, lishe ya mjamzito. Leo nawapeleka kwenye historia ya neno moja la Kiingereza. Mnivumilie, maana neno lenyewe linaingia mpaka wodini kwetu, na likiingia vibaya mtu anaweza kupoteza maisha.

Neno ni mamba.

Najua umeshaanza kucheka. "Nesi huyu vipi, mamba si Kiswahili?" Ni Kiswahili, tena safi. Mamba ni yule wa Ruvuma, mwenye magamba na mkia, anayelala kwenye mchanga kama gogo mpaka ushuke na ndoo yako. Mtoto wa darasa la kwanza pale Kilambo anamjua kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini hebu chukua kamusi yoyote ya Kiingereza utafute herufi hizo hizo, m-a-m-b-a. Humpati huyo wa mtoni. Unapata nyoka. Mwembamba, mrefu, mwenye sumu ya kutisha. Mamba wetu kwao ni crocodile, jina walilorithi kutoka kwa Wagiriki wa kale, na wao wakiambiwa "mamba" wanaangalia juu ya mti.

Kule Mombasa, Nyali, kuna kituo cha kufuga mamba kinaitwa Mamba Village. Huwa najiuliza ni wageni wangapi wa Ulaya wamesoma kibao kile wakasita kushuka kwenye gari.

Kwa wenzetu wa Dodoma au Mwanza hili laweza kuwa la kuchekesha tu. Kwetu Mtwara lina uzito wake, na sababu ni mpaka. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Shuleni kule wanasoma Kireno, na Kireno nacho kimebeba neno hili kama Kiingereza: mamba kwao ni nyoka, na mnyama wa mtoni ni crocodilo. Lakini watu wa ng'ambo na wa huku ni wale wale. Wamakonde wako pande zote mbili, Wamakua wako pande zote mbili, Kiswahili cha pwani kinavuka mto bila pasi. Watu wanavuka kwa harusi, kwa msiba, kwa biashara ya samaki, na kwa matibabu. Kwa hiyo mto mmoja, wenye wanyama wote wawili, unagawa maana mbili za neno moja. Na anayepokea maana zote mbili ni nesi wa zamu.

SEHEMU YA 2

Niwape mfano halisi, bila kutaja kituo wala kijiji.

Ni miaka kadhaa imepita, msimu wa korosho, watu wote mashambani wanaokota. Simu inaingia kituoni jioni. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika. Kilichosikika ni hiki: "Tunaleta kijana, kang'atwa na mamba." Basi.

Wewe ungeandaa nini? Timu iliandaa kile ambacho timu yoyote ya huku ingeandaa. Gozi nyingi, maji ya dripu, sindano ya pepopunda, vyombo vya kushonea. Mtu wa maabara akaambiwa akae tayari kupima kundi la damu. Mamba akimkamata mtu huwa anamzungusha, anachana nyama, anavunja mfupa, na mdomo wake umejaa uchafu wa mtoni. Kidonda chake ni cha kusafisha kwa saa nzima.

Bodaboda ikafika, kijana kabanwa katikati ya watu wawili. Damu hakuna. Nguo kavu. Mkononi, karibu na kiwiko, vidoa viwili vidogo utadhani kajichoma na mwiba. Lakini kope za macho zilikuwa zimeanguka, hawezi kuzifungua. Udenda unamtoka kwa sababu kumeza kumemshinda. Akiulizwa jina, sauti inatoka puani. Kaka yake, kijana msomi wa kidato cha nne, anasema kwa uhakika kabisa: "Ni mamba, nesi. Black mamba. Nimemwona kwa macho yangu." Alikuwa amejifunza jina hilo kwenye vipindi vya wanyama vya televisheni, akalitumia kama alivyolisikia.

Gozi zikawekwa pembeni. Ikaanza kazi nyingine kabisa: kumlaza, kunyonya udenda, kumshikia njia ya hewa, kisha kumpumulia kwa ule mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Mmoja anaminya, akichoka anapokea mwingine, mpaka dawa ya sumu ya nyoka ilipopatikana kutoka kituo kikubwa zaidi. Kijana yule alitoka kwa miguu yake. Dakika zilizopotea kwa ajili ya neno hazikuwa nyingi, lakini kwa mtu ambaye misuli ya kifua inalegea, dakika ndiyo kipimo chenyewe.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta. Hili jina la nyoka Waingereza walilipata wapi, na kwa nini linafanana na la mnyama wetu?

SEHEMU YA 3

Walilipata kusini, kwa Wazulu. Kizulu nyoka huyu anaitwa imamba. Waingereza wafanyabiashara walianza kukaa Port Natal, ambayo leo ni Durban, mwaka 1824, na mwaka 1843 Natal ikatangazwa koloni lao. Wakawa wanaishi na watu wanaosema imamba, kwenye nchi yenye nyoka hao, na wao Ulaya hawana nyoka wa namna hiyo hata mmoja. Ukikutana na kitu usichokuwa na jina lake unachukua jina la mwenyeji. Wakakata ile i ya mbele, ikabaki mamba. Wajerumani wakaichukua vivyo hivyo, Wareno pia.

Sasa angalia hapa, maana ndipo patamu. Kizulu na Kiswahili ni ndugu, vyote ni lugha za Kibantu. Mnyama wa mtoni kwa Kizulu ni ingwenya. Kishona anaitwa ngwena. Na ukifungua kamusi za Kiswahili utalikuta neno ngwena, maana yake mamba. Yaani hata sisi tunalo jina ambalo ndugu zetu wa kusini wanalitumia, ila limebaki kwenye kamusi na midomoni mwa wachache. Kwenye matumizi ya kila siku mamba ndiye kachukua mto wote. Kwa Wazulu ngwena kabaki majini na mamba kapanda mtini.

Na msidhani Wazulu wako mbali sana na Ruvuma. Mto huu unaanzia milima ya Matogoro, Songea, nchi ya Wangoni. Wangoni asili yao ni huko huko kusini. Walikimbia vita vya wakati wa Shaka, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na vizazi vyao vikaja kukaa Songea. Kwa hiyo maji yanayopita hapa kwetu yakiingia baharini yametoka kwenye nchi iliyotawaliwa na watu wa lugha ya imamba. Sisemi wao ndio walioleta neno. Nasema tu dunia ni ndogo kuliko ramani inavyoonyesha.

SEHEMU YA 4

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimefurahi mwenyewe nilipogundua. Watu waliompa nyoka huyu majina ya kisayansi karibu wote walikuwa watu wa kada yetu. Madaktari!

Wa kwanza ni Andrew Smith, daktari wa jeshi la Uingereza aliyefika Afrika Kusini mwaka 1820. Kazi yake ilikuwa kutibu askari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye wanyama. Alifika Natal mwaka 1832, na mwaka 1849 akachapisha maelezo ya nyoka wa kijani, akampa jina la angusticeps, yaani mwenye kichwa chembamba. Huyo ndiye mamba wa kijani tuliye naye kwenye mikorosho, miembe na minazi ya pwani yetu yote.

Manesi wenzangu, mnamjua huyu bwana bila kujua mnamjua. Baadaye alirudi Uingereza akawa mkuu wa idara nzima ya tiba ya jeshi. Vita vya Krimea vilipotokea, 1853 mpaka 1856, askari wakawa wanakufa kwa kipindupindu na kuhara kuliko kwa risasi, lawama zikamwangukia yeye. Na mmoja wa waliomsumbua sana alikuwa mwanamke mmoja na taa yake: Florence Nightingale. Ndiyo. Mama yetu wa uuguzi, tunayeapa kwa jina lake siku ya mahafali, aligombana na mtu aliyempa jina la kitaalamu nyoka wa mikorosho ya Mtwara.

Wa pili ni John Kirk, Mskoti, daktari kijana. Naye alifanya kazi hospitali wakati wa vita hivyo hivyo vya Krimea, huko Uturuki. Mwaka 1858 akafuatana na Livingstone kwenye safari ya Zambezi. Watu wa Mtwara tunapenda kusema Livingstone alipita Mikindani, na kweli alipita mwaka 1866. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1861 na tena 1862, Livingstone na Kirk waliingia Ruvuma kwa vyombo vya maji, wakitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita kwa Wareno. Mto ukawashinda: mchanga, kina kifupi, mawe huko juu. Walirudi wamegombana. Kirk huyu huyu ndiye baadaye aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, na mwaka 1873 alimbana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa.

Kwenye ile safari ya Zambezi Kirk alikusanya mimea, samaki, nyoka, akavitia kwenye pombe kali na kuvipeleka London. Kule vikapokelewa na Albert Günther, Mjerumani, naye aliyesomea udaktari kwao kabla ya kuhamia jumba la makumbusho la Uingereza. Mwaka 1864 Günther akatoa taarifa ya mkusanyiko wa Kirk, na ndani yake kulikuwa na nyoka mpya: polylepis, mwenye magamba mengi. Huyo ndiye Waingereza wanamwita black mamba. Sisi tunamwita koboko.

Neno black hapo linadanganya, tulielewe vizuri, maana watu wanatafuta nyoka mweusi tii na hawamwoni. Koboko mwilini ni kijivu, au kahawia, au rangi ya majani makavu. Weusi uko ndani ya mdomo. Akikufumbulia unaona kama tundu la wino. Ukishauona weusi huo kwa karibu, umeshakaribia kupita kiasi.

SEHEMU YA 5

Sasa historia inaharibika.

Mpaka mwaka 1864 sayansi ilikuwa na nyoka hawa wawili: wa kijani wa Smith na yule wa Kirk. Mwaka 1896 mtaalamu mkubwa wa jumba lile lile la makumbusho London, George Boulenger, alipoandika orodha yake kuu ya nyoka wa dunia, akawaunganisha. Akaona ni aina moja, rangi tu zinatofautiana. Na kwa kuwa alikuwa ndiye Boulenger, dunia ikamfuata. Kwa miaka 50 vitabu vikasema hawa wawili ni mmoja, akiwa mdogo ni kijani, akizeeka anakuwa mweusi. Mwaka 1946 ndipo FitzSimons, wa makumbusho ya Transvaal, Afrika Kusini, aliposema hapana, hawa ni wawili, na akaonyesha tofauti zao.

Piga hesabu. Kuanzia 1896 hadi 1946. Ni karibu utawala wote wa Wajerumani hapa, vita vya Majimaji, vita kuu mbili, na sehemu kubwa ya Waingereza. Daktari wa kikoloni aliyeletewa mgonjwa wa nyoka Lindi au Mikindani alikuwa na kitabu kinachomwambia nyoka wawili ni mmoja.

Na je, hapakuwa na mtu aliyejua? Walikuwepo! Mchungaji mmoja wa Kiingereza huko Natal, Henry Callaway, ambaye naye kabla ya uchungaji alikuwa daktari (nimewaambia, wamejaa), aliwakalisha Wazulu, akawasikiliza, akaandika maneno yao kwa Kizulu chao na tafsiri pembeni. Kitabu kilitoka kati ya 1868 na 1870. Mle ndani Wazulu wanaeleza wazee waliokufa wanavyorudi nyumbani kwa umbo la nyoka, na wanasema sio nyoka yeyote tu. Machifu hurudi kwa umbo la imamba mweusi, au la yule wa kijani, ambaye ana na jina lake mwenyewe, inyandezulu. Watu wa kawaida wana nyoka wao wengine, wapole.

Unaona? Nyoka wawili, majina mawili, yamechapwa kwenye kitabu kinachosomeka London, miaka karibu 30 kabla ya Boulenger kuwafanya mmoja. Kilichochukuliwa kwa Wazulu ni neno. Maarifa yaliyokuwa ndani ya neno yaliachwa huko huko kijijini, kwa sababu yaliandikwa chini ya kichwa cha habari cha dini na mizimu, na mtaalamu wa nyoka hakuwa na sababu ya kufungua kitabu cha mizimu.

Mimi hili linanigusa kwa sababu nimeliona wodini mara nyingi. Bibi anakuja na mjukuu, anasema "mtoto ana degedege la namna hii, sio lile la kawaida, hili linaanza mguu mmoja." Aliye mbele yake anaandika neno moja tu, degedege, anapita. Lile la mguu mmoja ndilo lilikuwa taarifa. Muuguzi mzuri anaandika vyote viwili.

SEHEMU YA 6

Turudi nyumbani, maana wengi mnaniuliza kama hawa nyoka kweli wako kwetu au ni hadithi za Afrika Kusini.

Wako, na wengi. Ukanda wetu, kuanzia Lindi kushuka mpaka uwanda wa Makonde, ni nyumbani kwa mamba wa kijani. Anapenda miti yenye majani mazito, na sisi tumempandia: mwembe, mkorosho, mnazi. Ni nyoka mwenye haya. Anaishi juu ya kichwa chako mwaka mzima na humjui.

Aliyewafanya wajulikane dunia nzima ni mzungu mmoja wa ajabu, C.J.P. Ionides, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1901 katika ukoo wenye asili ya Ugiriki. Alikuja Tanganyika kama askari, akawa jangili wa tembo, kisha kama ilivyo kawaida ya mambo haya jangili akaajiriwa kuwa bwana nyama. Ni mmoja wa walioijenga Selous. Alipostaafu aliishi Liwale na kazi yake ikawa nyoka. Watu wakamwita Bwana Nyoka. Alikuwa akisafiri mpaka Newala kukamata, kwa sababu Newala nyoka hawa walikuwa tele. Wanavijiji wanamwita, anapanda na fito yake ndefu yenye kibano, anamshusha nyoka, anamtia mfukoni. Alikamata maelfu kwa maisha yake yote. Wengine walipelekwa bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, wengine maabara za kukamua sumu. Aligongwa mara kadhaa na vidole vyake viliharibika. Alifariki mwaka 1968 na akazikwa Selous.

Kwa nini maabara zilitaka sumu? Kwa sababu dawa ya sumu ya nyoka inatengenezwa kwa sumu yenyewe. Unampa farasi kidogo kidogo, mwili wake unatengeneza kinga, unachukua damu yake, unachuja. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Johannesburg ilikuwa inatengeneza dawa za nyoka wengine tangu zamani, lakini dawa ya koboko ilipatikana mwaka 1962 tu. Kabla ya hapo koboko akikuingizia sumu ya kutosha kilichobaki ni dua. Leo chupa ile ya dawa kutoka Afrika Kusini ina karatasi ndani iliyoandikwa kwa Kiingereza, inaorodhesha nyoka inaowakinga, na mojawapo ya majina ni mamba. Ndugu wa mgonjwa akiichungulia anashangaa: "Nesi, hii si dawa ya mamba? Huyu kagongwa na nyoka." Ana haki ya kuuliza.

Kuna dawa nyingine zinazotengenezwa kwa nyoka wa India. Hizo kwa koboko na mamba wa kijani hazisaidii, kwa sababu nyoka hao India hawapo. Jina kwenye karatasi ndilo la kusoma kabla ya kuvunja chupa.

Na sumu hiyo hiyo ina upande mwingine. Mwaka 2012 wanasayansi wa Ufaransa walitoa kwenye sumu ya koboko protini ndogo zinazozuia maumivu kwa panya kama mofini inavyofanya, bila kukandamiza upumuaji. Wakaziita mambalgini. Imamba ya Wazulu imeshafika kwenye famasia ya kesho.

Nusura nisahau, vijana wa mpira wa kikapu msinisamehe nikimwacha Kobe Bryant. Alijiita Black Mamba, jina alilolichukua kwenye filamu ya Kill Bill. Mswahili akisikia "Kobe mamba" anaona kobe na mamba, gamba juu ya gamba. Mmarekani anaona nyoka mwepesi. Mashabiki wawili, picha mbili, mtu mmoja, Mungu amrehemu.

SEHEMU YA 7

Sasa ya kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka kati ya watu 81,000 na 138,000 wanakufa kwa kugongwa na nyoka duniani. Mwaka 2017 liliuweka msiba huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo 2030. Wengi wanaogongwa ni wakulima, wachungaji, watoto. Yaani sisi, wakati wa kuokota korosho.

Ukipiga simu kituoni usihangaike na jina la mnyama. Kiswahili chetu kimeshakupa neno linalotosha, na ni kitendo, sio jina. Nyoka anagonga. Mamba anakamata. Sema "kagongwa, shambani, saa kumi na moja" au sema "kakamatwa, mtoni, damu nyingi." Hata mtandao ukikata nusu, nesi wa zamu ameshajua aandae nini. Nawaomba manesi na waganga wenzangu wa vituo vya mpakani nao waulize hivyo hivyo: kagongwa au kakamatwa? Mwenzetu kutoka Palma aliyesoma Kireno akisema mamba, usiandike kitu kabla hujauliza.

Aliyegongwa atulie, asikimbie. Mvue pete, bangili, saa. Mkono au mguu uliogongwa ufungwe kwenye kipande cha mti kama uliovunjika, usitikisike, kisha abebwe. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba mpaka mkono ukafa ganzi, na lile jiwe jeusi mnalouziana kwa bei halivuti sumu yoyote. Usimfukuze nyoka ili umlete, tutapata wagonjwa wawili. Muhimu kwetu ni dalili na saa zilipoanza: kope kulegea, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza, sauti kubadilika, pumzi kuwa fupi. Akiacha kupumua njiani, mpumulieni. Sumu ya koboko hulegeza misuli, haiui moyo kwanza, na mtu anayepumuliwa vizuri ana nafasi.

Aliyekamatwa na mamba wa mtoni: bana kidonda kwa kitambaa safi, bana kwa nguvu, usiachie ili uchungulie, na muwahishe. Hata kama kidonda kinaonekana kidogo njoo, maana uchafu wa mdomo ule unaozesha nyama ndani huku juu kumefunga. Na sindano ya pepopunda hata kama ulichoma mwaka juzi, tutaangalia wenyewe.

Nimechoka, kesho nina zamu ya usiku. Ila kabla sijalala nina ombi. Koboko ni jina la vitabuni na la watu wa mjini. Najua kwa Kimakonde, Kiyao, Kimakua, Kimwera kuna majina ya yule wa kijani na ya yule wa kijivu, kila mmoja lake, na wazee wenu wanayajua. Waulizeni, kisha niandikieni jina, lugha na wilaya, na mzee anamtofautishaje huyu na yule. Nataka nibandike orodha ukutani pale tunapopokelea wagonjwa, ili bibi wa Newala au wa Nanyamba akilitaja la kwao, aliye zamu ajue ni yupi.